Si Wewe Uliyeiharibu Mbegu ya Bibi

Lusungu, mwanangu,

Barua zetu huku huanza kwa kusema sisi ni wazima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Nami ningeanza hivyo, ila wewe huko mbali hujafika bado. Uko Makambako kwa msusi, na ukirudi jioni utanikuta hapa hapa barazani, na mama yako jikoni anakuchemshia viazi vya njiani. Kwa hiyo hofu iliyopo leo si kwako. Ni kwangu.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia yote, kuhusu basi, kuhusu pochi, kuhusu kutokula vya watu usiowajua, na amekufungia blanketi zito la Njombe ulipeleke chuoni Morogoro kwenye joto. Nilimwambia kule watu hulala bila hata shuka. Akaniuliza, "Wewe umewahi kulala huko, Baba Lusungu?" Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza katika nyumba hii, na ndiyo inayonikalisha hapa na kalamu mchana wote.

Nianze na mnada wa leo, maana sote tulikuwepo. Ibada imekwisha, watu wamesimama uwanjani, Mzee Lameki ananadi sadaka za mazao kama kila Jumapili. Amekwisha kunadi kuku, na sado la maharage, na lile furushi la majani ya maboga ambalo hakuna aliyelitaka. Kisha akaliinua tikiti letu, la kwanza la msimu huu. "Haya, wapendwa! Hili limetoka bonde la kina Lusungu. Msidhani ni lile tikiti la manamba la Bibi. Hili ni lusungu tu, limechanganyika, lakini maji lina! Nani anaanza?" Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, umeweka mkono mdomoni, ukaangalia viatu vyako.

Miaka tisa tikiti lisilo na ladha linaitwa kwa jina lako, nawe unacheka pamoja nao. Na mimi leo nilicheka. Sijui kama uliniona. Nilicheka kabisa, meno nje.

Sasa sikia. Si wewe uliyeiharibu mbegu ya Bibi. Ni mimi. Nililijua hilo mwaka ule ule, nikakuacha ulibebe.

Nimeandika hayo maneno, nimeinuka, nimekwenda kuangalia ng'ombe asiyehitaji kuangaliwa, nimerudi. Bado yapo kwenye karatasi. Basi niendelee, nikueleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili usije ukafikiri kuna mahali nimeruka.

Babu yangu alikwenda Tanga kukata mkonge, enzi zile vijana wa huku walipokuwa wanaandikwa majina, wanapewa namba na kupakiwa. Manamba. Alirudi baada ya miaka kadhaa akiwa amekonda, hana cha maana mkononi, ila mbegu za tikiti alizozifunga kwenye pindo la shati. Watu walimcheka. Tikiti gani litaota kwenye baridi hii? Lakini bonde letu unalijua. Liko upande wa chini, baridi ya Njombe hufika pale imeshachoka. Alizipanda kwenye vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayoshika unyevu wakati wa kiangazi, na kati ya mashina yote yaliyoota mawili ndiyo yaliyozaa. Mwaka uliofuata akapanda mbegu za hayo mawili. Hivyo hivyo, mwaka kwa mwaka, mpaka likatokea tikiti ambalo halikuwa la Tanga tena, nalo watu wakaliita manamba. Dogo, la duara, la kutosha mikono ya mtoto. Ganda jembamba, kijani cha giza bila mchirizi hata mmoja, na ndani njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Madereva wa mabasi ya Songea waliokuwa wakisimama Makambako hawakuuliza bei ya tikiti. Waliuliza, manamba wameshafika?

Mama yangu, ndiye Bibi yako, alikuja kuolewa hapa akakuta mbegu hiyo, na mama mkwe wake akamkabidhi. Ninakumbuka namna alivyoitunza kuliko ninavyokumbuka namna alivyotutunza sisi. Tikiti la mbegu alilichagua mwenyewe lingali changa, akalifunga utambi mwekundu kwenye kikonyo, na tangu hapo hakuna wa kuligusa. Siku ya kulikata tuliketi sote chini, kila mtu na kipande chake, beseni moja katikati, na kila mbegu ilitemwa humo. Ukimeza alikujua. Sijui alijuaje. Alikuwa akikutazama koo. "Wewe, umemeza mbili," alikuwa akiniambia, na mimi kweli nimemeza mbili. Kisha mbegu zinaoshwa, zinapakwa majivu, zinakaushwa kivulini juu ya ungo, zinaingia kwenye kibuyu kinachoning'inia juu ya moshi wa jiko. Kibuyu kilikuwa kimoja. Za mwaka mmoja tu, zinapandwa zote, hakuna akiba.

Na sheria yake ilikuwa moja: katika bonde hili tikiti ni la aina moja. Majirani wa juu walipanda mahindi na viazi, kwa hiyo hilo halikuwa gumu kulishika. Lilikuja kuwa gumu kwangu.

Mwaka uliokuwa na miaka kumi, kulikuwa na mfanyabiashara pale Makambako aliyekuwa akipakia matikiti kwenda Dar es Salaam. Alilishika manamba letu, akalibonyeza kwa kidole gumba, likapasuka. Akasema, "Mzee, hii ni keki ya harusi. Haifiki hata Mafinga." Alitaka yale marefu yenye michirizi, ganda nene, unayapanga mpaka juu na yanafika yote. Mwezi huo huo nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wakulima, nimevaa beji yenye jina langu, nimeambiwa mkulima wa kisasa anafuata soko. Wajomba zako wa Kifanya walikuwa wameshavuna miti yao na kujenga. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kujua nisiloliweza, lakini nilikuwa nimechoka kuitwa "yule wa bonde la mama yake." Nikanunua pakiti ya mbegu chotara dukani.

Nilizipanda kule kwenye kona, nyuma ya matete. Bibi miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua, alikuwa haendi mbali kuliko kile kisima. Nilijiambia matete ni ukuta. Nilijiambia ni mashina thelathini tu. Nilijiambia mambo mengi msimu ule, na yote niliyaamini, maana mtu akijisemesha mwenyewe hakuna wa kumbishia. Mama yako nilimwambia nimepanda maboga. Yeye alikuwa na kitoto mgongoni, hakwenda kutazama.

Nilivuna, nikauza, yakafika Dar. Nikanunua koti la suti. Ndiyo, lile la kijivu.

Ubaya wa kosa hili, Lusungu, ni kwamba mwaka ule hukuona chochote. Manamba wetu walizaa kama kawaida, watamu kama kawaida. Nilikula kipande siku ya tikiti la mbegu, nikatema mbegu zangu kwenye beseni mbele ya mama yangu, nikawaza moyoni, umeona? Hakuna kilichotokea. Kumbe nyuki walikuwa wamepita kwenye maua kutoka matete mpaka kwetu na kurudi, na walichokibeba kilikuwa kimeshaingia ndani ya mbegu, kinasubiri kupandwa.

Kuosha mbegu mwaka ule ulipewa wewe. Ilikuwa mara ya kwanza. Bibi alikuita jikoni, akakufunga kanga kiunoni, akakuonyesha maji ya mara ngapi na majivu kiasi gani. Ulitoka pale umekua ghafla, unatembea taratibu kama mzee wa kanisa. Wiki hiyo hiyo ulikuwa umetoka Njombe kwa shangazi yako, na shangazi alikuwa amekupa kipande cha tikiti la sokoni, nawe ukaziweka mbegu zake nane kwenye leso ukapande shuleni. Ukazikausha kwenye ungo ule ule, pembeni, umezitenga kwa kijiti. Nane. Ulizihesabu ulipozitoa, zilikuwa nane. Uliniambia hivyo baadaye mara nyingi, mpaka siku moja nikakukaripia uache.

Mwaka uliofuata tulipanda. Mwezi wa kumi na moja tikiti la kwanza likaletwa nyumbani, na lilikuwa na michirizi. Bibi alilipokea magotini, akalizungusha. Akalikata. Ndani lilikuwa na mabaka, huku jekundu lililofifia, huku njano iliyochoka. Akaonja, akatema. Akasema, "Nileteeni jingine." Tukaleta jingine, na jingine. Mpaka jioni jiko lilikuwa limejaa matikiti yaliyokatwa, na mama yangu yuko katikati yake, mikono imelowa, anauliza kwa sauti ndogo, "Nani amefanya hivi?"

Nawe ukaanza kulia. Hukungoja kuulizwa. Ukasema, "Bibi, ni mimi. Nilikausha za shangazi kwenye ungo."

Nilikuwa nimesimama pale. Ningesema neno moja tu. Kosa siku ile lilikuwa dogo bado, lingetosha kwenye sentensi fupi: mama, nilipanda chotara nyuma ya matete. Angenitukana, angelia, angekwenda kulala bila kula, asubuhi tungeanza kutafuta la kufanya. Badala yake nikawaza, labda ni kweli ni mtoto. Labda kijiti kilisogea. Nikakushika mkono nikakutoa nje, na watu wakaona baba anayemtetea mtoto wake. Nikasifiwa.

Hiyo "labda" niliishi nayo wiki tatu. Kisha yule bwana shamba kijana akaja na pikipiki yake kuangalia viwavi kwenye mahindi. Akaona rundo la matikiti nililowatupia nguruwe. Akaokota moja, akalipasua, akaokota jingine. Akaniuliza, "Mzee, mwaka jana ulipanda chotara karibu na hapa?"

Nikasema, "Hapana."

Akasema, "Maana mbegu zikichanganyika kwenye ungo, ungepata shina hili zima la namna hii, na lile zima la namna ile. Haya yote yamechanganyika damu. Hii ni kazi ya nyuki kwenye maua, si ya mtu kwenye ungo."

Nikamwambia asante, nikampa mahindi mabichi apeleke kwake. Tangu siku ile sina "labda". Mbegu zako nane zilikuwa nane.

Nimejiuliza sana kwa nini sikusema hata hapo. Nilijipa sababu. Mtoto atasahau, nilisema. Bibi ni mgonjwa, nilisema, akijua ni mwanawe itamuua. Yote ni maneno. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea. Asubuhi ya kwanza ulitoka machozi ukaenda shule, asubuhi ya pili ukaenda tena, nikaona kumbe mzigo unabebeka, maana si mimi niliyekuwa naubeba. Na kila siku niliyonyamaza ilikuwa ni kosa jingine la kuungama juu ya lile la kwanza. Ikifika mwaka, huna tena la kuanzia.

Bibi hakukupiga. Ingekuwa nafuu kama angekupiga. Alikunyang'anya kibuyu tu, akawa ukikaribia jiko siku ya mbegu anakuambia kwa upole, "Nenda kacheze, mama." Alipanda mbegu za hayo hayo mwaka uliofuata, na mwingine baada yake, akichagua na kutupa, akichagua na kutupa, na manamba hakurudi. Alikuwa akionja na kutema, na mimi nimekaa mbele yake.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu mchana.

Unakumbuka siku zake za mwisho, kwenye kile chumba cha kaskazini, alivyotuita mmoja mmoja. Ulipoingia nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, kwa hiyo nilibaki. Alikushika kidole, hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima. Akakuambia, "Usilie, mama. Ile mbegu nimekusamehe. Mtoto ni mtoto. Usije ukaibeba mpaka ukubwani." Nawe ukamshukuru. Ulimshukuru, Lusungu! Ulipiga magoti ukasema, "Asante, Bibi."

Nikaweka kikombe chini nikatoka nje. Watu waliokuwa uani walidhani nimezidiwa na uchungu wa mama. Msamaha uliokuwa wangu ulitolewa mbele ya macho yangu kwa mtu mwingine, na mwenye kuutoa akafa nao siku ya tatu. Nilimzika nimevaa lile koti la kijivu.

Najua sasa unahesabu. Unahesabu mara ngapi ningeweza kusema. Hesabu, una haki. Mimi nimehesabu na sijafika mwisho. Siku ulipokataa kula tikiti na mimi nikakugombeza mbele ya wageni kwamba unaringa. Siku mdogo wako wa kiume alipokuuliza mbele yangu, "Dada, ulifanyaje mpaka ukaharibu?" nawe ukamweleza taratibu, kijiti, ungo, leso, kama somo la darasani. Na siku ile ya fomu za chuo.

Hiyo ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana haijapita bado. Ulipokuwa kidato cha pili ulikuwa unachora majengo. Madaftari yako yote nyuma yalikuwa na ramani za nyumba, milango imewekwa mahali pake, ngazi zimehesabiwa. Ulipima jiko la mama yako kwa kamba ukamwambia moshi unarudi kwa sababu dirisha liko upande wa upepo wa Makambako, ukamfanya fundi alihamishe, na moshi ukaacha kurudi. Mwalimu wako aliniita akaniambia huyu mtoto asomee majengo. Nilijivuna mwezi mzima. Kisha fomu zikaja, nawe ukaandika kilimo. Nikashangaa. Jioni ile nilikuwa nakata kuni nje ya jiko, nikakusikia unamwambia mama yako, "Nikisoma mambo ya mbegu nitajua namna ya kumrudisha manamba wa Bibi. Ni mimi niliyemharibu, ni mimi wa kumrudisha."

Mama yako akasema, "Mwanangu, hayo yameshapita."

Nawe ukasema, "Kwangu hayajapita, mama."

Niliacha kukata kuni. Nilifika mpaka mlangoni. Halafu nikaingia, nikaomba chumvi ya kumpa ng'ombe.

Kwa hiyo kesho unapanda basi kwenda kutumia miaka yako kurekebisha kitu ambacho hukukiharibu. Ndiyo maana barua hii haiwezi kusubiri. Ningekuacha uende, ungesoma, ungefaulu kwa sababu wewe hujui kufanya kitu nusu, na ungerudi bondeni kwetu kunihudumia kosa langu mpaka uzeeke, na watu wangesema Lusungu ni mtoto mwema.

Kama kilimo unakipenda chenyewe, nenda, na Mungu akutangulie. Nimekuona ukishika udongo, sijui, pengine unakipenda. Lakini kaa uliangalie hilo ukiwa umeshajua ukweli. Ulituambia wiki hizi za kwanza mtu anaweza bado kubadilisha anachosomea. Basi ukitaka kubadilisha, badilisha. Ukitaka majengo, chora majengo. Sitauliza. Bonde halikudai chochote. Manamba akirudi, vizuri. Asiporudi, alikuwa tikiti. Mama yangu angenipiga kwa kusema hivyo, na angekuwa sahihi kunipiga, lakini wewe si tikiti la mbegu, la kufungwa utambi kwenye kikonyo.

Ukweli wa bonde lenyewe ni huu: kila mwaka tangu hapo nimechagua yale yasiyo na michirizi, yenye njano kidogo, nikapanda mbali na jingine lolote. Mwaka jana matatu yalikuwa mazuri kwa sura. Utamu haukuwepo. Sijui kama upo mahali. Kazi hiyo naifanya mimi, inanistahili mimi, na nitaifanya mpaka mgongo ukatae.

Nitakuambia jambo moja nililojifunza, silipendi lakini ni langu. Wewe una haraka ya kukubali kosa. Ulikuwa nayo una miaka kumi na moja, unayo leo. Kitu kikivunjika nyumbani, wewe ndiye wa kwanza kusema samahani, hata kama ulikuwa shuleni. Watu kama mimi tunawapenda sana watu kama wewe. Tunasimama nyuma yenu kama kwenye kivuli. Huko uendako utawakuta wengi wa aina yangu, na wengine wana vyeo, na sauti zao ni za upole kuliko yangu. Likiharibika jambo, kabla hujalia, uliza nani mwingine alikuwepo. Uliza alikuwa akifanya nini. Utaonekana mkaidi. Kubali kuonekana mkaidi.

Na ikitokea kosa ni lako kweli, liseme siku hiyo hiyo, hata kama umevaa nguo chafu na watu ni wengi. Mimi nilikuwa nasubiri nafasi nzuri. Kuna uchovu wa jembe, ule unalala, unaamka, umekwisha. Huu wangu nimelala nao miaka tisa. Huamka kabla yangu.

Mama yako nilimwambia Alhamisi. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta. Siku mbili hakunisemesha, chakula aliniwekea akageuka. Jana ndipo akasema, "Mwambie kabla hajapanda basi. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sitakupunguzia." Shangazi yako nimempigia simu leo baada ya ibada. Alilia, kisha akasema maneno ambayo mdogo hapaswi kumwambia kaka yake, nikamsikiliza mpaka mwisho. Na Jumapili ijayo, Mzee Lameki akishika tikiti letu, nitamwomba anipe nafasi nisimame pale mbele ya mazao. Nitalitaja kwa jina langu. Wacheke au wasicheke.

Siombi unisamehe. Nimeshuhudia msamaha ukitolewa kwa haraka, kwa mtu asiyehusika, najua sasa kwamba huo si kitu cha kuombwa mtu akiwa na sanduku mkononi. Ukikaa nao huko miaka tisa, ni sawa. Ukiamua usinipigie simu, mpigie mama yako, nitasikia sauti yako kwa mbali jikoni na itanitosha. Ninakupenda. Nimekupenda siku zote hizo nilizokuwa nakuumiza, na hilo halinipunguzii kitu, nakuambia tu kwa sababu ni kweli.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuitumbukiza barua hii chini ya blanketi lile, uikute umeshafika. Ungeisomea mbali, peke yako, nami ningekuwa huku salama, nangojea. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona ni ile ile tabia yangu, imevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, ukirudi na nywele zako mpya, kabla ya chakula. Nitavuta kiti nikae mbele yako wakati unasoma, sitashika kitu, sitajifanya naangalia ng'ombe.

Umeimaliza, mwanangu. Inua uso. Ni mimi huyu.

Baba yako